Miji Aliyoigawa Bibi

Maganda ya maharage yakichomwa polepole hutoa moshi mchungu, mzito, unaokaa kooni hata baada ya moto kuzimika. Kwetu Ngara tuliyachoma ili tupate majivu ya magadi. Juzi jirani yangu wa hapa mjini aliyachoma nyuma ya nyumba yake wakati mimi nafua. Niliacha nguo kwenye beseni, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani mikono ikiwa bado ina povu. Mimi huyu, mama wa watoto watatu, nikaogopa vilevile nilivyokuwa nikiogopa nikiwa darasa la tatu.

Moshi huo ndio uliokuwa ukifuka uani kwetu msimu ule ambao Bibi, mama mzazi wa baba, alianza kutupotea huku tunamwona. Alianza na chumvi. Alitia chumvi kwenye maharage, akakoroga, akaonja, akatia tena, na sote tukala huku tukitazamana kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia. Kisha akaanza kuniita Konsolata, jina la shangazi yangu aliyekufa kabla sijazaliwa. Mimi naitwa Gaudensia. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili niliitika, mara ya tatu nilikwenda kulia nyuma ya choo. Halafu mchana mmoja mwalimu wangu akamkuta barabarani, kandambili mguu mmoja, anakwenda Nyarubungo alikozaliwa ili amsalimie mama yake. Nyarubungo ni mbali, hata kijana mwenye miguu mizuri asingefika siku hiyo, na mama yake alikuwa amezikwa tangu zamani.

Ninyi wa rika langu mliokulia huko mnakumbuka barabara zilivyokuwa wakati ule. Milima ya ng'ambo ilikuwa imefunikwa maturubai ya wakimbizi, miti imekwisha kwa kuni, na kila njia ilikuwa na watu usiowajua wakipita na ndoo, na madumu, na watoto mgongoni. Tulikula unga wao wa njano wa msaada, wao wakala ndizi zetu, na tukaogopana. Ilisemwa kwamba porini kuna watu wenye bunduki. Mzee akipotea wakati kama huo, anatafutwa siku tatu kisha watu wanaanza kusema alikuwa mtu mwema.

"Akitoka tena peke yake," baba alimwambia mama, "nitamfungia mlango kwa nje. Sina njia nyingine."

Mimi ndiye niliyekuwa nalala na Bibi, na tangu siku hiyo nikawa nalala nimeshika pindo la kanga yake. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, nalisema wazi hata kama mama yangu atasoma hapa. Sikutaka kamwe kumsikia akigonga mlango kutoka ndani.

Ndipo akaja Mama Sesilia. Binti yake, Sesilia, alikuwa akitoka kambini kuja kutupalilia migomba, na alilipwa ndizi na maharage. Mama yake hakuwa na nguvu ya jembe tena, lakini hakutaka kubaki peke yake chini ya turubai, basi akawa anafuatana na bintiye, anakaa na Bibi kwenye mkeka, wanapukuchua maharage. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kutoka Burundi, mwenye sauti ya chini na macho ya kuchokoza. Siku ya kwanza hawakusemeshana zaidi ya salamu. Siku ya pili, bila kuinua macho kwenye ungo, Mama Sesilia akasema:

"Sokwe!"

Bibi aliacha kupukuchua. Nilikuwa sijaona uso wake ukifunguka namna ile kwa miezi.

"Niruze!" akaitika, kwa sauti ya msichana.

Ndivyo kitendawili kinavyofunguliwa kwao, na kwa kuwa Kirundi na Kihangaza chetu ni ndugu wa tumbo moja, hakuna aliyehitaji mkalimani. Mama Sesilia alitega: nimevuka naye mto Ruvubu, mimi nikalowa, yeye hakulowa. Bibi akajibu palepale kwamba ni kivuli, akacheka, kisha akatega chake: ndugu watano wamelala kitanda kimoja, jua likiwaka kila mmoja anatoroka. Mama Sesilia alikuwa amelishika jibu kwenye vidole vyake, ganda la maharage, na hakuliona. Tulicheka sote watatu mpaka mama akachungulia kutoka jikoni.

Ningeishia hapo, nisingekuwa na cha kusimulia leo. Lakini nilikuwa mtoto wa shule, na mtoto wa shule hakosi la kufundisha wakubwa. Kwao aliyeshindwa alisema tu "chukua", akapewa jibu bure. Nikaona mchezo umepooza. Nikawaeleza kwa madaha kwamba kwa Kiswahili, shuleni, ukishindwa huambiwi jibu mpaka umpe mwenzako mji. Anakuambia "nipe mji", nawe unamtajia mji, anakwenda kuutawala, ndipo anarudi na jibu. Mama Sesilia alinisikiliza kama anayesikiliza hakimu.

"Mutoto huyu ana akili," akasema, akatega kingine, cha anayepanda mbinguni bila ngazi, na Bibi akashindwa. "Haya, mwenzangu. Nipe mji."

Bibi alifikiri sana. "Nimekupa Nemba."

"Asante. Nimeingia Nemba," Mama Sesilia akasema, akikaa sawasawa kwenye mkeka. "Mwenye mji amenipisha kwenye kiti chake. Nimekula ndizi zake, nimekunywa maziwa yake, nimelala kitandani kwake na miguu nimeinyoosha. Asubuhi watu wote wa Nemba wamekuja kunipigia makofi. Nikawauliza, wakaniambia: ni moshi."

Katika wiki zilizofuata Bibi alibadilika. Chumvi ilikuwa chumvi. Aliniita Gaudensia, na mara moja aliniita kwa jina langu lote la ubatizo kunigombeza. Alfajiri nilimsikia akinong'ona vitendawili vya utotoni mwake, akivijaribu, akivipanga kama mtu anayechambua mbegu, ili mwenzake akija amkomeshe. Baba alikuwa akipita na jembe, anasema kwa kunung'unika, "Kazi mbi si mchezo mwema," maana kweli maharage yalikuwa yanakwenda taratibu. Lakini mama alimvuta kando.

"Muache mama yako acheze," akasema. "Humwoni? Siku yule mwenzake akija, hata jina la padri aliyemwozesha analikumbuka. Mchezo huo ndio dawa yake."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Wasiwasi wangu ulianza siku baba aliporudi kutoka Nemba kutafuta mbegu ya muhogo. Alisema shamba la rafiki yake lote limeng'olewa na watu wanaopita, na miti yake ya mbao imekatwa. "Nemba imekwisha," alisema, akaomba maji. Mimi niliyekuwa nampa maji nikabaki nimeshika kata hewani. Nemba ndiyo Bibi aliyokuwa ameitoa mchezoni.

Ili unielewe, lazima ujue ardhi ilivyokuwa ikigawiwa kwetu. Kiangazi kilichotangulia Bibi alikuwa amempa baba sehemu yake ya shamba, na mimi nilikuwepo. Hakukuwa na karatasi. Bibi alisimama kati ya migomba, akawaita majirani wawili, akasema, "Nimekupa kutoka hapa mpaka kwenye ule mti." Kisha kikaletwa kibuyu cha pombe ya ndizi, na waliokuwepo wakanywa pamoja kwa mirija, na mirija hiyo niliileta mimi. Basi. Shamba likawa la baba, na mpaka leo ni lake. Sasa kila alasiri, mchezo ukiisha, mama alikuwa akiwapelekea wale wazee kibuyu, nao wakanywa pamoja kwa mirija, baada ya Bibi kusema "nimekupa" nami nimekaa hapo, shahidi.

Shuleni tulikuwa tunapeana Ulaya na Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna aliyepajua, na maneno ya watoto ni upepo. Bibi alikuwa mtu mzima. Neno lake lilikuwa limeshagawa shamba.

Akatoa Runazi. Mama Sesilia akaingia Runazi, akakaa kwenye kiti, akala, akalala, akapigiwa makofi. Haikupita Jumapili mbili akaja baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa na duka huko Runazi. Alikaa barazani amekunja uso. "Runazi siyo yetu tena, kaka," alisema. "Ukienda sokoni ni Kirundi mbele, Kirundi nyuma. Sijui nani amewapa."

Mimi nilijua nani amewapa. Nilimtazama Bibi akimchekea mwanawe, hana habari, na nikaona kwamba siri hiyo iko kwangu peke yangu, na aliyewafundisha mchezo huo ni mimi.

Kweli, Mama Sesilia naye alishindwa mara nyingi, akatoa Muyinga, akatoa Kirundo, miji ya kwao Burundi. Lakini hata mtoto aliona kwamba huo si ubadilishanaji wa haki. Alikuwa anatoa miji ambayo ilikwisha kumfukuza.

Nikajaribu ujanja. Nikamnong'oneza Bibi, "Bibi, mpe Ulaya. Mpe Mwanza."

"Nimewahi kufika Ulaya?" akaniuliza, amekasirika. "Nitampaje mtu kitu nisichokijua? Huo ni wizi."

Na sehemu alizozijua Bibi hazikuwa nyingi. Siku aliyotoa Nyarubungo, kwao, mahali yalipo makaburi ya wazazi wake, alitoa akicheka. Sikulala vizuri tangu hapo. Nilihesabu kwa vidole kila mahali alipopata kukanyaga katika maisha yake, na kila hesabu iliishia kwenye kijiji chetu, nyumba yetu, kitanda ambacho Mama Sesilia angelala akanyoosha miguu. Nilifikiri kumwambia mama. Lakini mama angeniuliza nani aliwafundisha. Nilifikiri kumwambia baba, lakini baba alikuwa ameshataja habari ya kufunga mlango, na nikaogopa kwamba akisikia Bibi amegawa nchi, atamfunga siku hiyohiyo.

Basi asubuhi moja niliwahi bondeni, pale njia ya kambini inapovuka kijito, nikamsubiri. Mama Sesilia alikuja nyuma ya bintiye, polepole, ameshika fundo dogo la kitambaa. Sesilia aliniitikia salamu akapita na jembe lake. Nikamzuia mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mutoto wangu. Umekuja kunipokea?"

"Bibi amesema usije tena." Nilikuwa nimeyakariri njiani. "Amesema amechoka na wakimbizi."

Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, kwa kuwa nilikuwa nalisikia kila siku vinywani mwa watu.

Alisimama. Aliangalia maji, kisha akaniangalia. "Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

"Haya. Mwambie nimesikia." Akanipa lile fundo. "Huu ni unga wa uji wake. Mpe, hata hivyo."

Aligeuka akaanza kupanda mlima peke yake, akipumzika kila hatua chache. Nilikwenda nikawamwagia kuku ule unga nyuma ya nyumba. Kuku walifurahi sana.

Sesilia aliendelea kuja kulima, na mama alipomuuliza habari za mama yake, alijibu tu kwamba miguu inamsumbua. Nafikiri alikuwa anaogopa kupoteza kibarua. Bibi alitandika mikeka miwili kila asubuhi. "Mwenzangu hajaja?" aliniuliza. Nikamwambia anaumwa. "Mwenzangu hajaja?" aliniuliza tena maharage yakiwa hata hayajajaa kiganja. Nikajaribu kumtegea mimi, lakini vitendawili vyangu vilikuwa vya shuleni, vyote alivijua, na hakuna raha ya kushindana na mtoto unayemlea. Wiki ya pili akaacha kupukuchua. Alishika ganda moja, akaligeuza, akaliweka chini, akalishika tena. Chumvi ikarudi. Konsolata akarudi. Wiki ya tatu alikuwa akiniangalia kwa adabu, vile unavyomwangalia mgeni ambaye hujaambiwa ametoka wapi, na mimi nikawa nakwepa macho yake na huku najiambia kwamba angalau nyumba tunayo.

Siku hiyo nilirudi kutoka shule nikakuta mikeka miwili uani na hakuna mtu. Mama alikuja mbio kutoka migombani, kanga mkononi. "Yuko na wewe? Niambie yuko na wewe!"

Baba na majirani walikuwa wameshaondoka kuelekea njia ya Nyarubungo, wakiita. Kila mtu aliwaza Nyarubungo kwa sababu ndiko alikokwenda mara ya kwanza. Mimi niliitazama ile mikeka miwili na nikajua kwamba hakwenda Nyarubungo. Nilijua vizuri kabisa alikokwenda. Lakini kumwambia mama ilikuwa ni kumwambia yote, na ulimi ulikataa. Nilisimama pale uani, mama analia, wanaume wanazidi kwenda upande usio wake, na mimi nimefunga mdomo. Nimefanya makosa mengi tangu hapo, ya mtu mzima. Hakuna ninaloona haya kwa ajili yake kama dakika zile.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba Mama Sesilia alipotokea njiani, amemshika Bibi mkono. Miguu ya Bibi ilikuwa imechubuka na kanga yake imelowa mpaka magotini. Mama aliwakimbilia akamkumbatia Bibi, akamkagua mikono, akamkagua uso. Mama Sesilia alibaki amesimama nje ya ua.

"Nimemkuta kambini, kwenye bomba la maji," alisema. "Amezungukwa na watu. Anawauliza nyumba ya mwenzake. Jina langu hakulijua, anasema tu, mwenzangu, yule wa vitendawili. Watoto walikuwa wanamcheka."

"Ingia basi, mama, ingia ukae," mama alisema.

"Siingii. Niliambiwa nisifike hapa."

"Uliambiwa na nani?"

Mama Sesilia alinitazama. Baba alikuwa amefika, anahema, na majirani nyuma yake, na wote walimfuata macho mpaka kwangu. Nilisubiri anitaje. Nilikuwa tayari kwa fimbo, ningeipokea kwa mikono miwili.

"Nimesahau," akasema. "Sisi wazee tunasahau."

Hapo ndipo nilipolia. Nilisema ni mimi, nikayasema yote kwa fujo: kwamba Bibi amempa Nemba, na Nemba imekwisha, na Runazi, na baba mdogo amesema mwenyewe, na Nyarubungo na makaburi, na walikunywa kwa mirija, na mimi nilikuwa shahidi, na kilichobaki ni hapa kwetu. Kwanza hawakuelewa. Kisha baba akaelewa, akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na majirani nao. Walinyamaza mmoja mmoja walipoona Mama Sesilia hacheki.

"Msimcheke," alisema. "Hata kwetu vita vilianza na maneno ambayo wakubwa waliyaona mchezo."

Alivua kandambili zake akaingia uani, akamketisha Bibi kwenye mkeka mmoja, akakaa kwenye mwingine. Mama alileta ungo. Mimi nilikaa katikati yao, kamasi zinanitoka, naomba kwa watakatifu wote niliowajua. Mama Sesilia hakunigusa wala hakunifukuza. Alichukua ganda la maharage, akalipasua, akasema "Sokwe" kwa sauti laini.

Bibi hakuitika. Nikamwitikia mimi.

Akatega kile chepesi kuliko vyote, cha nyumba isiyo na mlango, ambacho hata mtoto anayetambaa angejibu kwamba ni yai. Bibi alimtazama kwa adabu. Tulisubiri.

"Haya, mwenzangu," Mama Sesilia akasema. "Nipe mji."

Midomo ya Bibi ilianza kutembea. Alikuwa anatafuta, niliona anatafuta, anaufungua mdomo na kuufunga, na hakuna mji uliotoka. Hata ule wa makaburi ya wazazi wake haukutoka. Nikashindwa kuvumilia, nikamshika goti.

"Mpe hapa, Bibi," nikasema. "Mpe hapa kwetu. Mpe tu."

Bibi aligeuka akautazama ua, na migomba, na nyumba, kisha akanitazama mimi.

"Hapa ni wapi?" akauliza.